Mwongozo Kamili wa Kufuatilia Asili ya Maneno na Nahau za Kiingereza

Tangu mwaka 1999 kuna maelezo yanayosambaa, kwanza kwa barua pepe na sasa kwa simu, kwamba Waingereza wa kale waliishi kwenye nyumba za nyasi, mbwa na paka wao wakilala juu ya paa. Mvua kubwa ikinyesha, paa likateleza, wanyama wakaporomoka. Eti ndiyo asili ya "it's raining cats and dogs", yaani mvua kubwa inanyesha. Aliyewahi kuishi chini ya makuti huona kasoro mara moja: paa lililoezekwa vizuri lina mwinuko mkali, na mbwa hapandi juu ya paa kujikinga na mvua, maana huko ndiko mvua inakopiga. Hata hivyo hadithi hiyo imeingia darasani, kwenye mahubiri na kwenye vipindi vya redio, kwa sababu ni tamu.

Mwongozo huu ni wa mwalimu, mfasiri, mwandishi wa habari au mwanafunzi anayetaka kujua neno au nahau ya Kiingereza imetoka wapi, na akiulizwa aweze kuonyesha ushahidi. Kanuni ya kazi yote ni moja: asili ya neno hushuhudiwa na maandishi yenye tarehe. Hadithi isiyo na maandishi ya wakati wake ni dhana tu, hata ikisimuliwa na profesa.

Vifaa vya kazi

Kamusi kuu ni Oxford English Dictionary. Wazo lake lilianzia kwenye Philological Society ya London mwaka 1857, James Murray akawa mhariri mwaka 1879, sehemu ya kwanza ikachapishwa mwaka 1884 na ya mwisho mwaka 1928. Toleo la pili, la mwaka 1989, lina juzuu 20. Thamani yake inatokana na jinsi ilivyokusanywa. Wasomaji wa kujitolea walipitia vitabu, wakaandika kila sentensi yenye neno kwenye kikaratasi, pamoja na jina la kitabu na mwaka, kisha wakavituma kwa wahariri. Kwa hiyo chini ya kila maana utakuta mlolongo wa nukuu kuanzia ya zamani zaidi. Mtandaoni kamusi hii hulipiwa. Kabla hujatoa pesa muulize mkutubi wa chuo kilicho karibu nawe kama wana usajili.

Za bure ni Etymonline ya Douglas Harper, nzuri kwa maneno lakini fupi kwa nahau, na Merriam-Webster, ambayo huonyesha mwaka wa kwanza unaojulikana kwa maneno mengi. Wiktionary ina mengi, ila kila mtu anaweza kuihariri. Usiitumie peke yake.

Kwa kutafuta sentensi zenyewe kuna Google Books, Internet Archive, magazeti ya Marekani kwenye Chronicling America ya Library of Congress, ya Australia kwenye Trove na ya New Zealand kwenye Papers Past. Ukitaka lugha ya mtaani ya London, fungua Old Bailey Online: ina kesi za mahakama kuanzia 1674 hadi 1913, na mashahidi wananukuliwa wakizungumza kama walivyozoea.

Andaa daftari au jedwali lenye safu tano: mwaka, sentensi nzima, kitabu na ukurasa, maana katika sentensi hiyo, na nchi. Safu ya maana ndiyo watu wengi huiacha, na ndiyo inayookoa kazi.

Hatua ya 1: Tenganisha umbo na maana

Neno linaweza kuwa na umri wa miaka 1,000 huku maana yake ya leo ikiwa na 200. "Nice" liliingia Kiingereza karibu na mwaka 1300 kupitia Kifaransa, kutoka Kilatini "nescius", mtu asiyejua. Lilimaanisha mjinga. Baadaye likawa mtu mwenye kuchaguachagua, kisha kitu makini na sahihi, na maana ya kupendeza ikashika katika karne ya 18. Mtu akikuambia "nice" lina miaka 700, yuko sahihi kuhusu umbo na amekosea kuhusu maana.

Kwa hiyo usiandike swali moja. Andika matatu: umbo hili limeonekana lini mara ya kwanza? Maana hii ya leo imeonekana lini? Na kama ni nahau, maneno yote pamoja yameonekana lini kwa maana ya fumbo?

Hatua ya 2: Kusoma kidahizo (maelezo ya neno kwenye kamusi) bila kupotoka

Alama ya "<" maana yake ni "limetokana na"; soma mnyororo kutoka kushoto kwenda kulia ukirudi nyuma kwenye wakati. Nyota mbele ya neno, kwa mfano "*pəter-", inakuambia kwamba umbo hilo halijapatikana popote kwenye maandishi, bali wataalamu wamelijenga upya kwa kulinganisha lugha. Msalaba mdogo "†" ni neno au maana iliyokufa. Herufi "c" mbele ya mwaka ni takriban, na "a" ni kabla ya mwaka huo.

Makosa makubwa hutokea kwenye vifupisho viwili. "Cf." ni "linganisha na", wala haisemi kwamba neno limetoka huko. "Akin to" ni undugu: maneno mawili ni watoto wa mama mmoja, na hakuna aliyemzaa mwenzake. Ukisoma kwamba "father" ni "akin to" Kilatini "pater", usiandike kwamba Waingereza walilikopa kutoka Kilatini.

Yatazame pia maneno madogo ya tahadhari: "probably", "perhaps", "origin uncertain". Mhariri aliyeandika "perhaps" alipima neno hilo. Ukilidondosha katika tafsiri yako, umeigeuza dhana yake kuwa ukweli.

Hatua ya 3: Neno liliingia kwa mlango gani?

Msemaji wa Kiswahili anaielewa hatua hii haraka, kwa kuwa lugha yetu nayo imejengwa kwa tabaka: mizizi ya Kibantu, kisha Kiarabu, Kiajemi, Kireno, Kihindi, Kijerumani na Kiingereza. Kiingereza ni vivyo hivyo.

Tabaka la chini lililetwa na Waanglo na Wasaksoni kuanzia karne ya 5. Ni maneno ya nyumbani: "house", "water", "bread". Juu yake kuna la Waskandinavia, ambao uvamizi wao unaojulikana sana ulianza Lindisfarne mwaka 793. Kwao zilitoka "sky", "egg", "knife", hata kiwakilishi "they". "Window" ni lao pia. Kwa lugha yao ni jicho la upepo. Kisha Wanormani walishinda vita vya Hastings mwaka 1066, na Kifaransa kikawa lugha ya ikulu na mahakama: "court", "judge", "jury", "government". Hapo ndipo mnyama alipopata jina la Kiingereza zizini na nyama yake jina la Kifaransa mezani: "cow" na "beef", "sheep" na "mutton", "pig" na "pork". Lakini mgawanyo huo haukuwa safi tangu mwanzo, maana "beef" liliwahi kumtaja mnyama mwenyewe, na Biblia ya King James ya mwaka 1611 bado inaita ng'ombe "beeves". Kuanzia karne ya 16 wasomi wakamimina Kilatini na Kigiriki.

Mlango unaotuhusu zaidi ni wa biashara ya bahari. "Monsoon" lilifika Kiingereza kupitia Kireno "monção", nalo linatokana na Kiarabu "mawsim", wakati maalumu wa mwaka. Sisi tulilichukua neno lilelile la Kiarabu tukalifanya "msimu". Kwa hiyo "monsoon" na "msimu" ni ndugu wa tumbo moja waliofika kwa vyombo tofauti. Vivyo hivyo "sugar" na sukari, "coffee" na kahawa, "zero" na sifuri. "Tariff" na taarifa zina mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya kujulisha: Wazungu walibaki na orodha ya ushuru, sisi tukabaki na habari.

Hapa jihadhari na mwelekeo. Sukari haikutoka kwenye "sugar", wala "sugar" haikutoka kwenye sukari. Maneno ambayo Kiswahili ndicho kilichotoa ni machache, na yana ushahidi wake: "safari", lililoingia Kiingereza katikati ya karne ya 19 kupitia wasafiri kama Richard Burton, na mchezo wa "Jenga" ulioingizwa sokoni na Leslie Scott mwaka 1983, kutoka kitenzi chetu kujenga.

Hatua ya 4: Pima sauti

Kufanana kwa sauti peke yake si ushahidi. "Cut" la Kiingereza na kata la Kiswahili yanafanana kwa umbo na maana, na hayana undugu wowote: kata ni mzizi wa Kibantu unaopatikana katika lugha nyingi ambazo hazikukutana na Mwingereza mpaka jana. Kinachothibitisha undugu ni mfanano unaojirudia kwa utaratibu.

Angalia kwetu. Kiswahili ni mtu, Kiganda ni "omuntu", Kinyarwanda ni "umuntu", Kikikuyu ni "mũndũ". Sasa chukua kitu: Kiganda "ekintu", Kinyarwanda "ikintu", Kikikuyu "kĩndũ". Pale Kiswahili kina t, wenzake wana nt au nd, na hali hiyo imejirudia. Huo ndio ushahidi.

Jacob Grimm alionyesha jambo la aina hiyo mwaka 1822 kwa lugha za Kijerumani, yaani jamii ya lugha ambayo Kiingereza nacho kimo. Penye p katika Kilatini, Kiingereza cha asili kina f: "pater" na "father", "piscis" na "fish", "pedem" na "foot". Penye d kuna t: "decem" na "ten", "duo" na "two". Penye k, ambayo Kilatini huiandika c, kuna h: "cornu" na "horn", "centum" na "hundred". Tumia utaratibu huu kama kipimo cha haraka. Neno la Kiingereza likiwa limebaki na p ya Kilatini, kama "paternal", limekopwa baadaye. Likiwa na f, kama "father", limerithiwa. Kwa sababu hiyohiyo "have" na Kilatini "habere" si ndugu, ingawa yanafanana na maana ni moja: h ya Kiingereza ilipaswa kulingana na k ya Kilatini.

Tahajia nayo ni shahidi, ila si mwaminifu siku zote. William Caxton alileta uchapishaji Uingereza mwaka 1476, tahajia ikaanza kuganda huku matamshi yakiendelea kuhama. Ukilisoma "knight" kama Mswahili, herufi kwa herufi, unakaribia matamshi ya zamani: k ilitamkwa, na gh ilikuwa kama kh ya Kiarabu. Lakini b ya "debt" haikuwahi kutamkwa na Mwingereza. Neno lilitoka Kifaransa "dette", wasomi wakalichomekea b ili lifanane na Kilatini "debitum". S ya "island" ni ya kuchomekwa vilevile. Kabla ya kuijengea hoja herufi moja, tazama tahajia za neno hilo katika nukuu za zamani.

Lipo kosa jingine la wasemaji wenyewe ambalo huzaa maneno mapya: kukata neno mahali pasipo pake. "A napron" liligeuka "an apron", n ikahamia upande wa pili. Ndiyo maana "napkin" bado ina n. "An ekename", jina la ziada, likawa "a nickname". Sisi tulifanya hivyohivyo kwa "kitabu": ki- ya Kiarabu ilikuwa sehemu ya mzizi, tukaifanya kiambishi na kupata vitabu. Madereva wetu wakapata viplefti kutoka kibao cha Kiingereza cha kuwaambia washike kushoto. Ukikwama na neno la Kiingereza linaloanza na irabu, jaribu kulitafuta likiwa na n mbele, na kinyume chake.

Hatua ya 5: Kamata maana iliyohama kwa Biblia mbili

Njia hii ni rahisi na haihitaji intaneti. Chukua King James ya 1611 na Biblia ya Kiswahili ya Union Version, uziweke wazi kwenye mstari mmoja. Kiingereza cha zamani kitakuonyesha neno unalolijua likitumika kwa maana usiyoijua, na Kiswahili kitakufungulia maana hiyo.

Mwanzo 1:29 inasema mimea na matunda vitakuwa "meat". Kiswahili kinasema chakula, na ndiyo maana ya asili: "meat" kilikuwa chakula chochote. 1 Wathesalonike 4:15 ina "prevent", ambalo leo ni kuzuia. Kiswahili kinatumia kutangulia, sawasawa na Kilatini "praevenire", kuja mbele. Warumi 1:13 ina "let", na Paulo hasemi kwamba aliruhusiwa, bali alizuiliwa. Marko 10:14 ina "suffer" kwa maana ya kuwaacha watoto waje. Mfasiri asiyejua haya hutafsiri Kiingereza cha 1611 kwa kamusi ya leo na kupata kinyume cha kilichoandikwa.

Maana huhama kwa njia chache zinazojirudia. Hupungua: "deer" alikuwa mnyama yeyote, na Shakespeare katika King Lear bado anawaita panya "small deer". Huporomoka: "silly" lilikuwa mwenye heri, na "villain" alikuwa mkulima wa shamba la bwana. Hupanda: "knight" alikuwa kijana mtumishi. Ukiona maana mbili zisizolingana, tafuta maana ya kati kabla ya kudai kwamba ni maneno mawili tofauti.

Hatua ya 6: Nahau

Nahau ni ngumu kuliko neno, kwa sababu maneno yake yote yanajulikana na kila mtu anaweza kubuni hadithi ya kuyaunganisha. Fanya hivi.

Kwanza orodhesha maumbo yote ya nahau. Kitenzi badilisha nyakati, vihusishi badilisha, na majina yapange upya. Leo wanasema "three sheets to the wind" kwa mlevi, lakini nukuu za mwanzoni mwa karne ya 19 zina "in the wind". Aliyetafuta umbo la leo tu alizikosa.

Pili, badilisha tahajia. Kwa maandishi ya kabla ya 1700 jaribu "raine" badala ya "rain", "dogges" badala ya "dogs". U na v zilibadilishana, hivyo "have" huandikwa "haue" na "up" huandikwa "vp". I na j vilevile. Mpaka karibu na mwaka 1800 wachapishaji walitumia s ndefu inayofanana na f, na mashine za kusoma picha huisoma f. Ukitafuta "best", tafuta na "beft".

Tatu, fungua picha ya ukurasa wenyewe. Tarehe za Google Books hukosea mara nyingi kwa majarida: toleo la 1905 linaweza kuorodheshwa chini ya 1850 kwa kuwa jarida lilianza mwaka huo. Usiandike mwaka kabla ya kuona ukurasa wa jina la kitabu au kichwa cha toleo. Grafu za Ngram Viewer, chombo cha Google kinachoonyesha kirai kimetumika kiasi gani vitabuni mwaka hadi mwaka, nazo zina mipaka: hazionyeshi kirai kilichopatikana katika vitabu chini ya 40, wala chenye maneno zaidi ya matano. Grafu ikiwa tupu haimaanishi kwamba nahau haikuwepo.

Nne, soma sentensi nzima na uamue kama ni fumbo au ni maelezo ya kawaida. Mtu aliyepiga teke ndoo ya maziwa mwaka 1700 hakufa. Kwa "kick the bucket" ushahidi wa maana ya kufa ni kamusi ya lugha ya mtaani ya Francis Grose ya mwaka 1785.

Tano, panga nukuu kwa tarehe, kisha uweke kila nadharia mbele yake. Nadharia inayotegemea tukio lililotokea baada ya nukuu ya kwanza imekufa hapohapo.

Tuchukue tena paka na mbwa. Nukuu ya zamani inayojulikana ni ya mshairi Henry Vaughan, 1651, anayetaja mbwa na paka wakinyesha kama manyunyu. Mwaka 1653 ilichapishwa tamthilia ya Richard Brome yenye mvua ya mbwa na "polecats", wanyama jamii ya kicheche. Jonathan Swift ana umbo la leo mwaka 1738. Wapo wanaodai kwamba asili ni shairi la Swift la mwaka 1710, linaloonyesha mafuriko ya London yakibeba mizoga ya paka na watoto wa mbwa. Halifai: limechelewa miaka 59. Kuhusu paa la nyasi, hakuna mwandishi hata mmoja wa karne hizo aliyelihusisha na msemo huu. Kinachobaki ni kwamba katikati ya karne ya 17 waandishi walicheza na picha ya wanyama wakianguka na mvua, na umbo moja likadumu. Jibu hili halina utamu wa hadithi, lakini linasimama.

Nahau za soko na za bahari zina faida kwetu, kwa sababu mara nyingi tunayo picha ileile. "Buy a pig in a poke" ilikuwapo tayari katika karne ya 16. "Poke" ni mfuko, na "pocket" ni mfuko mdogo. Sisi husema kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Wafaransa na Wajerumani husema paka kwenye mfuko. Kwa sababu hiyo wengi hueleza "let the cat out of the bag", yenye nukuu ya mwaka 1760 katika London Magazine, kuwa ni ile hila ya sokoni: paka amefungwa badala ya mtoto wa nguruwe, mfuko ukafunguliwa, siri ikatoka. Inaelekea, ila haijathibitishwa, na ndivyo inavyopaswa kuandikwa. Nadharia pinzani, kwamba paka ni mjeledi wa meli wenye mikia tisa, ni dhaifu, maana kumtoa mjeledi mfukoni hakufichui siri yoyote.

Kwa "three sheets", mwanafunzi hudhani "sheets" ni matanga. Muulize nahodha wa jahazi. "Sheet" ni kamba, ileile inayoitwa demani. Demani zikifunguka, tanga linapigapiga ovyo na chombo kinayumba kama mlevi. Hapo nahau imeeleweka bila maelezo marefu. "Taken aback", kupigwa na butwaa, nayo ni ya bahari: upepo umegeuka ghafla na kulisukuma tanga nyuma kwenye mlingoti, chombo kikasimama.

Na zipo nahau ambazo hadithi yake ni ya kweli kabisa. "Read the riot act", kumkaripia mtu vikali, inatokana na sheria halisi ya zamani ya Uingereza, iliyoanza kazi mwaka 1715. Watu 12 au zaidi wakikusanyika kwa fujo, ofisa aliwasomea tamko, nao walikuwa na saa moja kutawanyika. Aliyebaki alistahili kifo. Ushahidi upo kwenye sheria yenyewe.

Hadithi za kuchujwa mapema

Ikiwa umeambiwa kwamba neno la kabla ya karne ya 20 ni herufi za mwanzo za maneno mengine, kataa mpaka uonyeshwe nukuu. Utaratibu wa kuunda maneno hivyo ulienea na vita na teknolojia: "radar" ni la miaka ya 1940. "Golf" si herufi za "gentlemen only, ladies forbidden", mabwana tu, wanawake marufuku. Limeandikwa kwenye sheria ya Scotland ya 1457 iliyopiga marufuku mchezo huo. "News" si pande nne za dunia, ni wingi wa "new". "Posh" huelezwa kuwa vyumba vya kivuli kwenye meli za kwenda India na kurudi, upande wa kushoto kwenda, wa kulia kurudi ("port out, starboard home"). Haijapatikana tiketi hata moja yenye herufi hizo.

Tofauti ni "OK", ambalo kweli ni kifupisho, na tarehe yake ni kamili: gazeti la Boston Morning Post, 23 Machi 1839. Wakati huo waandishi wa Boston walikuwa na mtindo wa kufupisha maneno yaliyokosewa tahajia makusudi, na "oll korrect" lilikuwa moja wapo. Mwaka 1840 wafuasi wa Rais Martin Van Buren wa Marekani, mzaliwa wa Kinderhook, walilitumia kwenye kampeni kama "Old Kinderhook", likaenea nchi nzima. Allen Walker Read alikusanya magazeti hayo na kuchapisha ushahidi mwaka 1963 na 1964. Nadharia za Kichoctaw, Kiwolofu, Kigiriki na Kiskoti hazina mnyororo wa nukuu kama huo.

Wahubiri na wahamasishaji wanapenda sana maneno yaliyokatwa vipande. "Sincere" halitokani na "bila nta". Kilatini "sincerus" ni safi. "History" halina "his" ndani yake. Ni Kigiriki "historia", uchunguzi. "Woman" ni "wifmann" la Kiingereza cha Kale, yaani binadamu wa kike. "Salary" lina uhusiano na chumvi kupitia "salarium" la Kilatini, lakini hakuna mwandishi wa kale anayesema askari wa Roma walilipwa chumvi yenyewe. Na "rule of thumb" haikuwa sheria ya kumpiga mke kwa fimbo isiyozidi unene wa kidole gumba. Jaji Francis Buller alidhihakiwa kwa kauli ya namna hiyo mwaka 1782, lakini msemo ulikuwa umeandikwa tangu karne ya 17, kwa maana ya kukadiria kwa mazoea.

Jina la Shakespeare nalo litazamwe kwa uangalifu. Maneno mengi yamewekwa kwake kwa sababu wasomaji wa Oxford walizisoma tamthilia zake kwa makini kuliko vitabu vya wengine. Kadiri vitabu vingi zaidi vya wakati wake vinavyopigwa picha, ndivyo baadhi ya maneno hayo yanavyopatikana mapema zaidi. Andika "nukuu ya kwanza inayojulikana", usiandike "alilibuni". Aliyebuni kwa ushahidi mzuri ni William Tyndale na "scapegoat", mwaka 1530, alipotafsiri Walawi 16. Alilisoma jina Azazeli kama mbuzi anayekwenda zake. Union Version imeliacha jina hilo lilivyo.

Kuandika matokeo

Tumia daraja nne tu za uhakika, na uzishike katika kazi nzima: imethibitishwa, inaelekea, inadhaniwa, haijulikani. Kila dai lipewe mwaka na kitabu. Maana ya nahau ielezwe kwa nahau yetu pale inapolingana kweli, na kwa maneno ya kawaida pale isipolingana. Kulazimisha methali ya Kiswahili juu ya nahau ya Kiingereza huingiza maana ambayo haikuwemo. Tafsiri ya neno kwa neno iwekwe kando kama picha tu, msomaji asije akaitumia.

Kwa mfano, maandishi ya "OK" yatakuwa hivi: kifupisho cha mzaha cha "oll korrect", Boston, Marekani, nukuu ya kwanza inayojulikana 23 Machi 1839, Boston Morning Post, lilienezwa na kampeni ya urais ya 1840, imethibitishwa.

Na maandishi ya "dog" yatakuwa mafupi zaidi. Neno la kale la mbwa lilikuwa "hound", lenye ndugu katika lugha zote za Kijerumani. "Docga" linajitokeza kwa nadra katika Kiingereza cha Kale, halina ndugu wa uhakika popote, na baada ya karne kadhaa likamfukuza "hound" mpaka akabaki mbwa wa kuwindia. Daraja: haijulikani.